Jiwe la Namba Kumi na Tisa

Mimi naitwa Cleophace. Nalima migomba, maharage na kahawa katika kijiji kimoja juu ya barabara ya kwenda Nyaishozi. Naishi na mke wangu Evangelina, binti yetu Ainembabazi mwenye miaka sita, na mama yangu mzazi, Mama Edith. Habari hii ni ya mwaka ule wa korona. Mpaka leo nikiikumbuka, damu inanichemka.

Mwaka ule kila ulichotaka kufanya ulikatazwa. Shule zilifungwa, Ainembabazi akawa anashinda nyumbani akiuliza maswali tangu asubuhi. Kanisani benchi la watu sita lilikaliwa na watu wawili. Kushikana mikono ikawa kosa. Mama yangu ni mtu wa kushika mkono wako na kutouachia mpaka akuulize habari za ng'ombe, za wajukuu na za mvua. Sasa akawa anasalimia watu kwa kupunga mkono kwa mbali, kama anayefukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa.

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni zahanati.

Zahanati yetu iko ng'ambo ya bonde, karibu na kanisa. Zamani ilikuwa na wauguzi wawili, na Jumatano ilikuwa siku ya wajawazito peke yao. Korona ilipokuja, muuguzi mmoja alipelekwa mpakani kupima joto la madereva wa malori. Akabaki Pastory, kijana mpole ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Siku za kliniki zikachanganywa na siku za wagonjwa wengine. Ili watu wasisongamane, walipokelewa watu ishirini tu kwa siku. Wa ishirini na moja alirudi kwao. Na hao ishirini walitakiwa kusimama hatua mbili mbili, juani.

Hapo ndipo watu wetu walipoona wamepata akili. Huku kwetu hakuna anayesimama foleni kisimani. Unaweka dumu lako nyuma ya dumu la mwenzako, unakwenda kupalilia, unarudi zamu yako ikifika. Basi watu wakauhamishia mtindo huo zahanati. Ukipita pale jioni, unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kulala. Kila mtu alilijua jiwe lake. Mwenye moyo mwema aliweka na la jirani yake.

Saa mbili asubuhi Pastory alitoka na vipande vya boksi vilivyoandikwa namba. Alipita akimpa kila mtu kipande chake. Palipokuwa na jiwe bila mtu, aliweka kipande juu ya jiwe. Kisha aliwaambia waliobaki watawanyike, kwa sababu mkusanyiko ulikatazwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na tulijiona watu wenye utaratibu.

Evangelina alikuwa na mimba ya miezi minane. Mara ya kwanza alikwenda kliniki akarudishwa mlangoni kwa kuwa hakuwa na barakoa. Alirudi kimya, akakata kipande cha kitenge chake cha zamani, akashona barakoa kwa mkono. Jumatatu iliyofuata alitoka mapema, akapanda na kushuka vilima vile na tumbo lake. Akafika saa moja na nusu. Alikuta watu wachache na mawe mengi. Namba zikaishia kwa mtu aliyekuwa mbele yake.

Saa tano alikuwa amerudi nyumbani. Alikaa kwenye ngazi, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, na alama za mikanda ya viatu zilikuwa zimezama kwenye nyama.

"Siendi tena," akaniambia. "Nikienda bila barakoa, kosa. Nikiwa na barakoa, namba zimekwisha. Mtoto atazaliwa siku yake ikifika."

Nilimkasirikia Pastory, nikaikasirikia serikali, nikaikasirikia korona yenyewe. Lakini nisiseme uongo, sikumwambia mke wangu arudi. Kahawa ilikuwa imeiva, mikono ya kuichuma ilikuwa michache, na nilijiambia kwamba Ainembabazi alizaliwa salama bila matatizo yoyote. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Wiki ile Evangelina alianza kuvimba uso na vidole. Mama yangu alifurahi. Alisema mkwe wake amenawiri, na kwamba huko ndiko kuolewa kwenye nyumba yenye chakula. Siku ya Alhamisi kichwa kikaanza kumuuma. Mama akasema ni mafua, au ni ile korona yenyewe, na dawa yake ni kujifukiza. Akachemsha majani ya mkaratusi na malimau, akamfunika Evangelina blanketi juu ya sufuria. Alipomfunua, Evangelina alikuwa ametota jasho na kichwa kinauma zaidi. Mama akasema ugonjwa unatoka, akaongeza majani.

Ijumaa asubuhi alikuja Eustadia. Ni jirani yetu wa migomba ya chini, na ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa amepitia daftari lake la wajawazito, akaona kwamba Evangelina hajapimwa tangu mwezi wa sita wa mimba. Alinawa mikono kwenye ndoo yetu, akamwamkia mama yangu shikamoo kwa mbali, akaingia ndani. Alipoona blanketi na sufuria, alivisogeza pembeni.

Kisha akaanza kuuliza. Kichwa kinauma tangu lini? Jana, na panadoli haikusaidia. Macho je? Evangelina akasema anaona kama ukungu, na vinyota vinavyopita. Tumbo? Linauma juu, hapa chini ya kifua. Eustadia akabonyeza mguu wa Evangelina kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale, halikujaa.

"Mama Ainembabazi, vaa," akasema. "Tunakwenda zahanati sasa hivi."

Evangelina hakuinuka. Alimtazama Eustadia kwa macho ya mtu aliyechoka kabisa.

"Sina namba," akasema. "Wala sina jiwe."

Mama yangu akaingilia kati kwa upole. Alisema isiwe taabu, jioni atapita yeye mwenyewe kumwekea mkwe wake jiwe la mbele kabisa, na kesho atakuwa wa kwanza. Alidhani ametatua jambo. Nilimwona Eustadia akivuta pumzi, akaiachia taratibu.

"Mama, nisikilize," akasema. "Kisimani dumu linapanga foleni kwa sababu dumu ndilo linalotaka maji. Zahanati jiwe linataka nini? Lipimwe presha?"

Mama akaanza kulikunja lile blanketi.

Eustadia akatueleza, na aliongea polepole ili sote tushike. Mjamzito akivimba uso na mikono, akaumwa kichwa sana, akaona ukungu au akaumwa juu ya tumbo, huenda presha yake imepanda sana. Hiyo inaweza kuleta kifafa cha mimba. Kifafa hicho kinaweza kumwua mama na mtoto siku hiyo hiyo. Dawa yake haipo kwenye sufuria. Kujifukiza hakushushi presha wala hakuponyi korona. Kunampotezea mtu muda na maji ya mwili, na kunaweza kumuunguza.

Akataja na dalili nyingine: kutokwa damu, maji kuvunjika kabla ya uchungu, homa kali, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Mwenye mojawapo ya hizo hasubiri kesho.

"Ile namba ishirini ni ya anayeweza kusubiri," akasema. "Mwenye dalili ya hatari anapita mbele ya wote, aje saa yoyote. Na asipokuwa na barakoa atapewa ya kuvaa. Hilo halikukatazwa hata siku moja."

Niliuliza kwa nini basi hatukuambiwa. Nadhani niliuliza kwa ukali. Eustadia alisema ilikuwa ikitangazwa kwenye mikutano ya vitongoji, lakini mikutano nayo ikakatazwa kabla hajafika kitongoji chetu, na yeye ana vitongoji vinne na miguu miwili.

Nilimwacha Ainembabazi kwa jirani, nikaita pikipiki mbili. Evangelina na Eustadia walipanda moja, mimi na Mama tukapanda ya pili, Mama akiwa amekumbatia beseni na khanga. Tulifika saa nne. Watu waliokuwa kwenye mstari walianza kunung'unika kwamba tunavunja foleni. Eustadia hakuwajibu. Alimpitisha Evangelina katikati ya mawe mpaka mlangoni.

Pastory alimpima presha. Akafungua mkanda, akaufunga tena, akapima mara ya pili. Mia moja na sabini kwa mia moja na kumi na tano. Akapima mkojo, akakuta una protini nyingi. Uso wake ulibadilika. Alimpigia simu dereva wa gari la wagonjwa, kisha akamchoma Evangelina sindano ya kuzuia kifafa na kumpa dawa ya kushusha presha. Mikono yake ilifanya kazi haraka, lakini alikuwa amekasirika.

"Kwa nini hukuja mapema?" akamuuliza.

"Nilikuja Jumatatu," Evangelina akajibu akiwa amefumba macho. "Nilikuwa wa ishirini na moja."

Pastory akaacha alichokuwa anafanya. Akavuta daftari la Jumatatu, akalisoma kwa kidole.

"Jumatatu nilihudumia watu kumi na saba," akasema. "Watatu hawakutokea. Nilikaa hapa mpaka jioni nikiwasubiri. Namba kumi na tisa ilishinda juu ya jiwe jeupe lenye ufa katikati. Hakuna aliyeichukua."

Nilisikia beseni likianguka. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Jiwe lile ni la Beata," akasema. Beata ni rafiki yake wa kwaya. "Nililiweka mimi, Jumapili, nilipotoka kanisani. Kumbe Jumatatu alikwenda kuchuma kahawa."

Mama alijitetea kidogo kwamba alidhani wajawazito bado wana siku yao, Jumatano. Kisha akaacha kujitetea. Alikwenda kukaa chini karibu na kitanda, akamshika Evangelina mguu, akabonyeza kwa kidole gumba kama alivyomwona Eustadia akifanya. Akalitazama lile shimo.

"Waitu, mwanangu," akamwambia mkwe wake kwa neno letu la heshima na upole. "Mimi ndiye niliyekurudisha."

Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Mama aliweka jiwe kwa wema. Pastory aliweka namba juu ya jiwe kwa uchovu. Mimi nilikuwa nahesabu ndoo za kahawa wakati mke wangu anavimba. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu nzuri, na sababu zetu zote nzuri zilikuwa zimemlaza Evangelina pale.

Gari lilifika baada ya saa moja na nusu. Niliona ile saa kama wiki nzima. Hospitalini walimpokea, wakaishusha presha, na jioni ile ile wakamtoa mtoto kwa upasuaji. Ni wa kiume, kilo mbili na robo. Daktari alituambia kwamba tungesubiri mpaka kesho, asingetuahidi kitu. Kwa sababu ya korona hatukuruhusiwa kuingia wodini zaidi ya mtu mmoja. Aliingia Mama. Mimi nilimwona mwanangu kupitia dirisha kwa siku nne, na safari hii sikulalamika.

Tuliporudi, Eustadia na Pastory waliitisha wenyeviti wa vitongoji, watu saba tu, nje, wamekaa mbalimbali. Mama yangu hakualikwa, lakini alikwenda. Pale walikubaliana mambo ambayo yangeweza kukubaliwa tangu mwanzo. Kila kitongoji kikapewa siku yake, na Eustadia akawa anawaandika watu kwa simu. Jumatano ikarudishwa kwa wajawazito na watoto wa chanjo. Namba hupewa mtu aliyepo, haiwekwi juu ya kitu. Mwenye dalili ya hatari hupita mbele, na orodha ya dalili hizo ikabandikwa mlangoni kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nazisoma bila miwani. Tulijenga kibanda cha majani makavu ya migomba ili watu wasichomwe na jua. Yale mawe tuliyapanga chini ya ndoo ya kunawia, pasiwe na tope. Lile jeupe lenye ufa Mama alilibeba mwenyewe kwenda kuliweka.

Korona haikuondoka kwa ajili hiyo. Barakoa zilibaki, kukaa mbalimbali kulibaki, na Pastory alibaki peke yake miezi mingine kadhaa. Lakini hatukusikia tena mjamzito aliyerudishwa.

Mtoto alipofika siku ya chanjo, Evangelina alikuwa bado anauguza mshono, kwa hiyo Mama ndiye aliyembeba. Mimi niliwasindikiza. Mama alisimama kwenye mstari kwa miguu yake, na alikataa benchi. Mbele yake palikuwa na kandambili mbili za bluu zimepangwa vizuri, bila mtu. Mwenyewe alikuwa amekaa mbali kivulini, anapiga soga.

Mama alizitazama. Akanipa mtoto, akainama, akaziokota na kuziinua juu watu wote wazione.

"Hizi," akauliza, "zina mimba ya miezi mingapi?"

Mwenye kandambili alikuja mbio, akazivaa, akasimama.