Aliyeitwa Mama Mlangoni

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, na habari za uchawi huwa nazicheka mpaka machozi. Hizi za binamu yangu Stella sijazicheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, nikaenda stendi ya Makambako kumpokea Stella anarudi kutoka Norwe. Alikaa huko miaka mingi mpaka tukazoea kumsikia kwenye simu tu. Basi likaingia, akashuka na koti refu na begi la magurudumu. Nikapanua mikono. Akanipita! Akaenda kumkumbatia mama muuza maparachichi: "Ema wangu jamani!" Yule mama wa watu akacheka, akakumbatiwa.

"We Stella, Ulaya imekula macho?" nikamtania.

Hakucheka. Kwenye gari akaninong'oneza, dereva asisikie.

"Ema, nilipofika kule Wazungu wote niliwaona sura moja. Nikahangaika, nikajifunza kuwatofautisha, nikazoea. Sasa nimerudi, na ninyi wote nawaona sura moja. Mungu anisamehe." Machozi yakamlengalenga. "Nisipomtambua mama je?"

"Mama hasahauliki, bwana wee."

"Usimwambie mtu. Watasema naringa."

Hapo nikamshika mkono, maana nilijua kinachomsubiri nyumbani kwao, karibu na Kidugala. Katika ukoo wetu, aliyekaa ugenini hapiti mlango hivi hivi. Anakalishwa kwenye kigoda kizingitini, ndugu wanapita mbele yake mmoja mmoja, naye anamsalimu kila mtu "kamwene", salamu ya kwetu, na kumtaja kwa jina. Ukitajwa, unaingia ndani. Mama mzazi hupita mwisho. Na jina likishatolewa halirudiwi. Wazee walikuwa wakali sana kwa hilo, na sababu hawakutuambia.

Tulipofika nikasimama nyuma yake nimnong'oneze majina. Mambo yakaenda vizuri.

"Yoeli," nikanong'ona.

"Kamwene, Yoeli!"

"Vestina."

"Kamwene, Vestina!"

Vigelegele vikapigwa. Mchana ule ukungu ulikuwa umeshuka, hata zizi lilikuwa halionekani. Akatokea mwanamke kajitanda kitenge. Nikamtazama, simjui. Nikadhani jirani. Kabla sijafungua mdomo, Stella aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Mama! Kamwene, mama!"

"Kamwene, mwanangu," yule akajibu. Akaingia ndani.

Nyuma yake alikuwa amesimama shangazi Rebeka, aliyemzaa Stella, na buti zake za shambani. Mikono ameinyoosha.

Nikacheka kwa aibu. "Jamani, amekosea..."

Mzee Ebeneza, mume wa shangazi, akamtazama mkewe kwa adabu kabisa.

"Karibu, mama. Wewe ni wa kwa nani?"

"Baba Stella, acha utani."

Hakuwa anatania. Vestina naye akamshangaa. Yoeli naye. Nikamgeukia shangazi mwenyewe. Sauti yake. Kovu lake la moto mkononi. Lakini uso haukunikaa machoni. Nikipepesa, unakuwa wa mtu yeyote. Lo!

Mlango ukafungwa. Nje tukabaki mimi na shangazi.

Kesho yake nilimvizia Stella bombani, nikamsihi atengue. Wewe uliyetoa jina, nilimwambia, ndiye wa kulirudisha.

"Ema," akasema taratibu, "tangu nishuke kwenye ndege, ule ndio uso pekee nilioutambua. Nikiuacha, nibaki na nani?"

Akarudi kwake Norwe. Yule mwingine akabaki na nyumba, na mume, na shamba la viazi.

Shangazi nimemleta kwangu Mjimwema, Makambako. Sokoni wanaomfahamu tangu utoto wanamwita mgeni. Kanisani amekaribishwa kama mgeni kila Jumapili, mpaka amekataa kwenda tena. Anashinda ndani, dirisha amelifunika. Aliwahi kunishika mkono akalia: "Ema, umebaki wewe tu. Usiache kuniita. Siku ukiacha, nimekwisha."

Basi kila asubuhi nilikuwa namwita kwanza, kabla hata sijanawa. "Kamwene, shangazi." Anaitika, na mimi moyo unatulia.

Jana niliingia jikoni asubuhi, jua limeshachomoza. Nikawakuta wawili.

Wamekaa kwenye vigoda, moto katikati yao, wanamenya viazi. Nguo za aina moja. Kovu mkononi, wote. Wakainua nyuso pamoja. Sikuweza kusema huu wa nani na huu wa nani.

Walikuwa wananisubiri mimi niite.

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Ulikuwa umefungwa. Sikuufunga mimi. Nikavuta, haukuja. Nikavuta tena. Mmoja wao alikuwa analia kimya kimya, machozi yanadondokea viazi. Nikasema ndiye huyu. Kisha nikaona na mwenzake analia.

Nikafumba macho. Ningefanya nini, jamani?

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, Ema," sauti moja ikajibu.

Nilipofumbua, alikuwa mmoja. Anamenya viazi kama kawaida, ananiuliza kama chumvi ipo. Ananitabasamia sana tangu jana. Kando ya kigoda kitupu kulikuwa na buti za shambani za shangazi. Niliingiza mkono ndani. Zilikuwa bado zina joto.