Shikamoo ya Kwenye Kompyuta

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Eunike alipotoka shule, hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye zahanati ndogo ya Levolosi alikofanya kazi mama yake, Muuguzi Agnela. Hapo alikaa ofisi ya mapokezi akifanya hesabu alizopewa na mwalimu, mpaka mama amalize zamu.

Mezani palikuwa na kompyuta ndogo. Daktari Abdiel aliitumia kuzungumza kwa video na daktari bingwa aliyekuwa Moshi, wakijadili wagonjwa kana kwamba wamekaa meza moja. Mtandao wake ulikuwa wa kazi hiyo tu, na neno la siri walilijua wafanyakazi peke yao. Wafanyakazi na Eunike, maana macho ya mtoto wa darasa la sita hayana likizo. Alimwona mama akiliandika mara moja tu, likamkaa kichwani kuliko jedwali la saba.

Jumatatu moja, mama akiwa chumba cha sindano, Eunike alifungua kompyuta akampigia Shangazi Hedwiga, aliyekuwa karani kijijini kwao Olmotonyi. "Dakika mbili tu," alijiambia. Ilikuwa mara ya tatu kujiambia hivyo.

"Eunike mwanangu! Umenenepa, au ni kompyuta?" Shangazi akacheka.

Kabla hajajibu, mzee mmoja alipita nje ya mlango wa ofisi, ameziba mdomo kwa leso. Alikuwa Mzee Elisaria, mzee wa kanisa kule Olmotonyi, jirani wa bibi yake. Mtoto aliyelelewa haachi mtu mzima apite bila kumwamkia.

"Shikamoo, babu Elisaria!"

"Nani? Mzee wetu?" Shangazi akadakia. "Hebu nigeuzie, na mimi nimsalimie!"

Eunike akaigeuza kompyuta. Shangazi akamwamkia kwa furaha. Mzee aliduwaa, asijue ni sauti ya nani inayotoka kwenye kompyuta, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, huku macho yakitafuta pa kujificha. Nyuma yake, kwenye mlango aliotokea, palikuwa na kibao: Kliniki ya Kifua Kikuu. Na Shangazi anajua kusoma.

Shangazi Hedwiga hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mdomo tu. Siku ya Alhamisi, Nelson, mtoto wa Mzee Elisaria, aliingia zahanati amefura kwa hasira. Aliweka pakiti ya dawa mezani kwa kishindo.

"Daktari, baba alishuka mpaka huku mjini ili watu wasijue. Jana kina mama wa kanisani wamejaa uani kwetu na maziwa na mikungu ya ndizi, wanampa pole ya kifua kikuu! Mama yangu mwenyewe alikuwa hajaambiwa. Nani amesema, kama si muuguzi wako huyu aliyeolewa kwetu? Baba anasema dawa zenu basi."

"Haki ya Mungu, sijamwambia mtu," mama alisema.

Daktari Abdiel aliichukua ile pakiti, akamgeukia mama. "Agnela, nenda nyumbani upumzike kwanza, mpaka tujue ukweli. Siri ya mgonjwa ikitoka hapa, hatuna kazi tena."

Eunike alikuwa pale pale nyuma ya meza, kalamu mkononi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akainamia daftari lake la hesabu.

Ijumaa mama alipiga pasi sare yake kama kawaida, kisha akaitundika ukutani. Eunike hakuweza kuitazama. Usiku usingizi ulimkataa. Jumamosi asubuhi alimsikia mama akisema peke yake jikoni, "Maskini mzee wa watu. Dawa zile hazikatizwi, na leo ni siku ya tatu."

Mama alikuwa akimhurumia mgonjwa, wala si kazi yake! Hapo Eunike akashindwa kabisa. Aliangua kilio akaeleza yote, kuanzia neno la siri mpaka kile kibao.

Mama hakumchapa. Alizima jiko, akajitanda kanga. Kisha akasema, "Vaa viatu. Utamwambia daktari kwa kinywa chako."

Daktari Abdiel alimsikiliza mpaka mwisho, akampigia simu Mzee Elisaria na kumwomba ruhusa ya kumtembelea. Adhuhuri walikuwa Olmotonyi, katikati ya migomba, mbele ya mzee aliyekuwa akikohoa.

"Babu, nisamehe," Eunike alisema. "Aliyekutangaza si mama. Ni mimi, nilikuonyesha kwa Shangazi kwenye kompyuta."

"Mama yako hakusema kitu?"

"Hata neno moja, babu."

Mzee akainamisha kichwa. "Mama Eunike, nimekudhania vibaya. Mnisamehe na mimi."

Mkewe alitoka ndani na glasi ya maji. "Na mimi ungeniambia mapema, nisingeambiwa na kina Hedwiga," alisema, akiichukua ile pakiti mkononi mwa daktari. "Haya, meza." Mzee akameza.

Wakiteremka mjini, Daktari Abdiel alisema, "Eunike, kamera haichagui. Inamwonyesha unayetaka aonekane na yule asiyetaka. Neno la siri la zahanati ni kama ufunguo wa chumba cha mgonjwa, na wewe uliingia bila hodi. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa kumwacha mama yako abebe mzigo wako, na huo leo umeutua mwenyewe. Kosa usilirudie."

Jumatatu neno la siri lilibadilishwa, kompyuta ikahamishiwa chumba chenye kufuli, na mama akavaa sare yake. Eunike alikuwa akifanya hesabu kwenye benchi la nje Mzee Elisaria alipotoka kuchukua dawa.

"Shikamoo, babu," alisema polepole, bila kutaja jina.

"Marahaba. Ukiulizwa leo umemwona nani hapa?"

"Nitasema nilikuwa nafanya hesabu, babu."

Mzee alitabasamu nyuma ya leso, akamshika kichwani, akaenda zake.