Joto la Ndani ya Friza

Haya yalimpata Morris, mume wa mdogo wangu Ndeti. Mengine nilisimuliwa na Ndeti, mengine na mwenye nyumba aliyemwita kazini, na ya mwisho niliyaona kwa macho yangu. Niseme mapema kwamba Morris sikuwahi kumpenda.

Ni fundi wa mafriji hapa Voi, na ni fundi mzuri, hilo simnyimi. Shida yake ilikuwa mdomo. Akiingia kwa mtu, fundi aliyemtangulia alikuwa mjinga, na wewe uliyenunua friji hiyo ulikuwa mjinga zaidi. Aliwahi kuniambia, ameketi sebuleni kwangu na kikombe changu cha chai mkononi, kwamba watu wa kanisa letu wanaombea vitu ambavyo waya mmoja mpya ungeviponya. Kisha akaomba aongezewe chai.

Siku yalipompata haya ilikuwa siku ya kawaida ya Voi. Jua lilishika mji tangu asubuhi, vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye meno. Baada ya chakula cha mchana alipigiwa simu na Cynthia wa mtaa wa Mwakingali, mke wa Alexander. Hawa wawili wanajulikana. Alexander ana kazi ya ofisini, na Cynthia ana kazi ya kuwaambia watu kwamba Alexander ana kazi ya ofisini. Cynthia alisema friza yao, ile ndefu ya kusimama, inaunguruma kutwa na bado nyama inaoza ndani.

Friza ilikuwa stoo, chumba kidogo nyuma ya jikoni. Ukutani, kando yake, palikuwa na kitanda chembamba cha chuma na blanketi la kijivu lililokunjwa vizuri. Morris akauliza kama ana mgonjwa humo. Cynthia akajibu, kama mtu anayeeleza kuhusu ndoo iliyovunjika, kwamba hapo alikuwa akilala mama mkwe wake, Nyanya Teresia, na kwamba alishazikwa kwao Wusi, huko milimani.

Mambo ya huyo nyanya mtaa mzima uliyajua. Alexander alimteremsha kutoka milimani miguu ilipomshinda, akawatangazia watu kwamba amemleta mama aje ale raha. Cynthia hakutaka wageni wake wamwone mzee anayekohoa sebuleni. Wakamweka stoo, na friza. Kila asubuhi mama wa watu alilalamika kuwa amelala na baridi, kwamba lile kabati linampulizia usiku kucha. Alexander akacheka. Alisema mama ametoka kwenye ukungu wa Wusi, anafika Voi yenye joto la kupikia ugali, halafu analia baridi. Hata blanketi la pili hawakumpa. Wakamkuta asubuhi moja amejikunyata, magoti kifuani, mkono mmoja umeshika mlango wa friza.

Hayo Cynthia alimwambia Morris akiwa amesimama mlangoni, anaangalia simu yake. Aliongeza kwamba friza iliharibika wiki ileile ya mazishi, na kwamba watu wa kijijini wanasema mambo.

Morris akamwangalia jinsi alivyozoea kutuangalia sisi sote. Akamweleza kwamba friza haimpulizii mtu baridi. Friza inanyonya joto kutoka ndani na kulitoa nje, kwa hiyo anayelala kando yake anaota moto, hapati baridi.

"Huyo mama alikufa kwa uzee," alisema. "Na nyinyi mnaogopa mashine."

Cynthia akarudi sebuleni. Morris akaanza kazi.

Soketi ilikuwa nzima, stima ya kutosha ilikuwa inafika. Mpira wa mlango ulikuwa laini, umeshika vizuri pande zote. Kompresa ilikuwa inafanya kazi, feni inazunguka, gesi haikuvuja popote. Kila alichopima kilikuwa sawa. Sasa akaanza kukasirika, kwa sababu Morris alikuwa anakubali mashine iharibike, lakini hakubali mashine imfiche kitu.

Akaweka kiganja ubavuni mwa friza ili asikie joto linavyotoka.

Palikuwa baridi. Baridi ya kuuma. Bati lote la nje, kuanzia chini hadi juu, lilikuwa baridi kama ukuta wa chumba cha kuhifadhia maiti.

Akafungua mlango. Ndani kulikuwa na joto. Anasema halikuwa joto la kitu kilichozimika, wala joto la mchana wa Voi. Lilikuwa joto la kitandani. Vile unavyopeleka mkono chini ya blanketi ambalo mtu ametoka sasa hivi.

Alijiambia kwamba mashine inafanya kazi kinyume. Hilo haliwezekani kwa friza ya nyumbani, na alilijua vizuri kuliko mtu yeyote Voi, lakini ndilo alilojiambia. Akang'oa plagi. Akatoa droo zote, akaziweka ukumbini. Kisha akalichukua lile blanketi la kijivu kitandani, akalitandika chini kwenye saruji, akapiga magoti juu yake kwa suruali yake ya grisi. Kona moja akaitumia kupangusa bisibisi.

Alifungua kifuniko cha nyuma, ndani, kinachoficha yale mabomba yanayoshika barafu. Hayakuwa na barafu. Yalikuwa makavu na ya vuguvugu. Nyuma yake palikuwa na giza ambalo hakulielewa, maana hapo panapaswa kuwa na ukuta tu. Akapitisha mkono ili aguse huo ukuta.

Mkono ukaingia hadi kiwiko.

Ukaingia hadi begani.

Friza yenyewe haina kina hicho.

Kompresa ilikuwa imezimika. Feni imesimama. Lakini kulikuwa na sauti. Ndogo. Inakuja, inakatika. Mtu anapulizia viganja vyake vipate joto.

Kisha akashikwa.

Hakuvutwa. Hilo amelirudia mara nyingi kwa Ndeti, kwamba hakuvutwa hata kidogo. Alishikwa chini ya kiwiko kwa vidole vyembamba, vikavu, jinsi mzee anavyokushika anapotaka umsaidie kuinuka. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Nje palikuwa na jua kali. Alisikia watoto wa jirani wakicheza, alisikia pikipiki ikipita.

Uso wake ulikuwa ndani ya friza. Sikio lake lilikuwa karibu na lile giza. Na humo, mtu alimnong'oneza, kwa upole kabisa.

"Funga mlango, mwanangu. Baridi inaingia."

Cynthia anasema alimwona fundi akipita sebuleni bila viatu, bila sanduku la vifaa, mkono wa kulia umening'inia kama si wake. Alidhani amelewa. Alexander aliporudi jioni akamwambia kwamba fundi aliyemwita ni mlevi. Vifaa vya Morris wakavitupa nje ya geti, na blanketi juu yake.

Hospitali walisema ameunguzwa na gesi ya friza, kwa sababu ngozi ilikuwa nyeupe na ngumu mpaka begani. Morris hakubishana nao. Hiyo ndiyo siku Ndeti alipoogopa kweli. Mume wake aliambiwa jambo lisilo sahihi kuhusu friji, na mtu aliyevaa koti jeupe, na akanyamaza.

Mtaniuliza Alexander na Cynthia waliadhibiwaje. Hawakuadhibiwa, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Friza waliiuza kwa mtu wa Taveta, ikapelekwa huko na lori la kurudisha makreti ya ndizi. Nasikia inagandisha vizuri sana. Wenyewe walinunua nyingine kubwa zaidi, wakafanya stoo kuwa chumba cha msichana wa kazi. Wanakula, wanalala, Jumapili wanakaa kiti cha mbele kanisani. Kama marehemu ana haki yake ya kudai, basi aliidai kwa mtu wa kwanza aliyepiga magoti mbele yake, akamwacha mwanawe akipumua raha mustarehe. Hata wafu siku hizi hawajui wa kumfuata.

Mkono wa Morris ulipona. Vidole vilirudi kwenye rangi yake. Ila akaanza kuvaa sweta, kisha koti juu ya sweta. Akawa anakaa kwenye benchi nje ya nyumba yao, juani, mahali ambapo hata mbwa hawakai. Kazi akaacha. Alianza kuongea kwa upole, na watu waliokuwa wanamchukia wakaanza kumsifu. Wanasema amebadilika, Mungu amemgusa. Wapumbavu.

Mimi nilikwenda kumwona mwezi uliopita, mchana. Nilimkuta peke yake kwenye lile benchi, amejisogeza hadi ukingoni, kana kwamba amemwachia mtu nafasi. Nilimsalimia. Akaniitikia vizuri, akaniita dada, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Alipofungua kinywa, mvuke ulitoka. Mvuke mweupe, kama wa mtu aliye Wusi alfajiri ya mwezi wa saba. Voi. Juani. Mimi nilikuwa nimelowa jasho mpaka kitambaa cha kichwa.

Kisha nikauona mwingine. Ulikuwa chini kidogo, usawa wa bega lake, upande ule mtupu wa benchi. Mdogo. Unatoka, unakatika. Unatoka, unakatika.

Morris akaona nilipoangalia. Akavuta pindo la koti lake, taratibu, akalitandaza upande ule.

Ndeti alitoka, akamshika mkono, akamwingiza ndani kula. Nilibaki na mto uliokuwa pale patupu, mto wa kukalia tu, wa kitenge. Ulikuwa umebonyea katikati na umelowa maji ya baridi. Nilimwambia Ndeti nitauanika. Niliukamua, nikaubana kwenye kamba, juani.

Nimempigia Ndeti simu leo asubuhi. Anasema uko palepale kwenye kamba, na bado unadondosha maji.