Mashimo Sita

Zamda alikwenda kuchagua miti siku ya Jumanne, baada ya chai ya asubuhi. Najma hakuweza kufuatana naye. Mumewe, Hafidhi, alikuwa na siku ishirini tu kaburini, na mjane aliyekaa eda hatoki nje wala haonwi na mwanamume wa kando mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Ndiyo maana miti ilihitajika. Nyuma ya nyumba yao kuukuu, mtaa wa tatu kutoka soko la Kariakoo, ghorofa jipya lilikuwa linapanda, na mafundi wa juu waliuona ua wote kama sinia la wali. Na choo kiko uani, bomba liko uani, jiko la mkaa liko uani. Kila Najma alipotoka kuchota maji, fundi mmoja alipiga mluzi.

Basi Zamda, wifi yake, akawa anamtumia picha kwa simu kutoka kwa Uledi, muuza miche wa barabarani kule Ilala. Mkungu? Najma akakataa. Mkungu una kivuli kipana, na kivuli kipana hukaribisha wasioalikwa. Mkwaju ndiyo kabisa. Mtoto gani wa Pwani asiyejua wanaokaa mkwajuni?

"Chukueni miashoki," Uledi alisema, Zamda akairekodi sauti yake na kuituma. "Inapanda wima, majani yanashuka mpaka chini. Kivuli haina. Hakuna kitu kitakachokaa chini yake."

Maneno hayo yalimtuliza Najma. Wakachukua sita, mirefu kama mtu mzima, kila mmoja na kiriba chake cheusi cha nailoni. Uledi alikuja kuipanda mwenyewe, Najma kajifungia chumbani anasikiliza jembe.

Marehemu hasemwi vibaya, lakini ukweli nao haufichiki: Hafidhi alikuwa mwanamume wa wivu. Miaka kumi na moja ya ndoa, kila mwaka aliongeza tofali ukutani, na nguo za mkewe zilianikwa chumbani, zisije zikaonwa na wapita njia. Alipofariki, Najma alilia kwa uchungu wa kweli. Kisha siku moja akajikuta anapumua vizuri, na pumzi ile ikamtia haya. Akaweka nadhiri. Angeitunza eda ya mumewe bila doa, halafu angeondoka, apange chumba chake mwenyewe, auze vitenge na dada yake sokoni.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Ya pili, akianika nguo zake nyeupe kwenye kamba ya uani, akaihesabu miti. Ilikuwa saba.

Zamda akampigia Uledi. "Nilichimba mashimo sita," Uledi akajibu, ameudhika kidogo. "Miche siyo karanga, dada, nikupe nyongeza."

Huo wa saba ulisimama mbele kidogo ya wenzake, upande wa kamba ya nguo. Ijumaa ulikuwa karibu na bomba. Zamda alisema ni macho ya huzuni tu, wifi, jipumzishe. Lakini tangu siku hiyo naye hakwenda bombani peke yake.

Mluzi nao ukakoma. Najma alishukuru, mpaka siku Zamda aliporudi kutoka dukani uso umemkauka, mkate kaukumbatia kifuani.

"Yule fundi kanisimamisha," alinong'ona. "Anaomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Anasema hakujua kama humu kuna mwanaume. Anasema yuko mtu kwenye miti tangu asubuhi, kavaa nyeupe, anamwangalia yeye tu."

Nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili. Hakuna mwingine.

Najma akaenda mlango wa uani. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, upepo hakuna. Miti sita imetulia ukutani. Wa saba ulikuwa chini ya dirisha lake. Akayatazama majani yake marefu yaliyoshuka mpaka chini, na hapo ndipo alipoelewa kosa lake. Chini ya mwashoki hakuna anayeweza kukaa. Ndani yake, mtu anaweza kusimama.

Harufu ya karafuu maiti ikamjia. Ile ile ya siku ya kuosha.

Majani yakatikisika. Humo ndani mtu akakohoa. Mara mbili. Ndivyo mwanamume mwenye staha anavyotoa taarifa kabla hajaingia uani penye wanawake. Ndivyo Hafidhi alivyokohoa kila jioni akirudi.

Najma aliogopa, na ndani ya woga ule kulikuwa na hasira ya miaka kumi na moja.

"Eda yako naitunza," alinong'ona. "Niache niimalize."

Majani yakatulia. Miezi mitatu alilala dirisha limefungwa, na mti haukusogea tena.

Siku zilipotimia akaoga, nguo za eda akazitoa sadaka, akamkumbatia Zamda, akahamia Buguruni. Chumba kimoja juu ghorofani, sakafu ya saruji, dirisha la kutazama mabati. Ua hakuna. Mti hakuna. Jioni ya pili akafua, akaanika magauni yake kwenye kamba ya ukumbini, wapangaji wote wakiona, akacheka peke yake.

Asubuhi simu ikamwamsha.

"Wifi, umeamkaje?"

"Salama. Za huko?"

"Nimetoka uani sasa hivi. Nimehesabu mara tatu." Sauti ya Zamda ikashuka. "Iko sita."

Najma hakutaka kufungua mlango. Akaufungua. Ukumbi ulikuwa mtupu. Juu ya saruji kavu, mbele ya kizingiti chake, palikuwa na duara la udongo mweusi, mbichi, upana wa kiriba. Kambani hapakuwa na nguo hata moja.

Akageuka. Magauni yake yote yalikuwa yameanikwa chumbani, juu ya kitanda alichotoka kulala, na bado yalikuwa yanachuruzika maji.