Waya Nyuma ya Bomba la Moto

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku alikinga maji ya moto kwenye bomba la jikoni na kumpelekea bibi yake. Bibi alikuwa mshonaji, na vidole vyake havikukubali kushika sindano mpaka vikandwe. Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani alilipata kwa kusema mno. Ajabu, neno moja lililostahili kusemwa ndilo alilolimeza.

Kwa siku mbili bomba lile lilikuwa linamtekenya vidole alipoligusa. Sababu aliihisi. Wiki iliyopita alitaka taa ya kusomea chumbani kwake, na chumba hakikuwa na soketi. Akavuta waya kutoka jikoni, akaupitisha kwenye tundu la ukutani pamoja na bomba la maji ya moto, kisha akaufunga kwenye bomba hilo kwa vitambaa vya bibi ili usining'inie. Alijisifu kweli! Sasa akisema bomba linatekenya, taa itang'olewa. Basi akanyamaza.

Asubuhi ya tatu aliogopa. Akajifunika shuka gubigubi, akajifanya amelala.

"Chiriku! Maji yako wapi leo?" bibi aliita. Chiriku alizidi kufumba macho. "Haya, lala mama, nitakinga mwenyewe."

Sufuria ilianguka, kisha likasikika yowe. Chiriku alipofika jikoni, bibi alikuwa anatetemeka mwili mzima, mkono umeganda kwenye bomba. Akamkimbilia.

"Usimguse!" alifoka mjomba wake aliyeishi nao, akarukia swichi kubwa na kuzima umeme wa nyumba nzima. Ndipo mkono ukaachia, bibi akaanguka sakafuni.

Bibi alirudi kutoka hospitali siku ya nne, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Daktari alisema vidole viwili huenda visikunjike tena.

Mjomba alikuwa fundi bomba, na hita inayochemsha maji ya bomba lile aliifunga yeye, akaamini ndiyo iliyomdhuru bibi. Tangu siku ile chakula hakikumpita kooni. Alikaa mlangoni na sanduku lake la vifaa miguuni.

"Mama yangu mzazi!" alimwambia fundi umeme, mama mmoja mwenye kalamu sikioni aliyekuja kukagua. "Nimemlemaza kwa mikono yangu. Sanduku hili nalitupa leo."

Chiriku alimsogelea. "Mjomba, si wewe," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Kuna waya wangu nyuma ya bomba."

Fundi umeme alipima kwanza kuhakikisha umeme umezimwa, kisha akafungua vitambaa. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka, shaba iko wazi, imelala juu ya bomba.

"Joto limeila kidogo kidogo," alisema. "Na bomba halina waya wa kupeleka umeme ardhini. Hilo ni kosa letu sisi wakubwa, nalirekebisha leo."

Mjomba hakumgombeza Chiriku. Alichukua sanduku, akaenda kumsaidia fundi bila kumtazama mpwa wake, na hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Jioni bibi alimwita. "Kwa nini hukusema, mjukuu wangu?"

"Niliogopa utaing'oa taa."

"Ningeing'oa, kweli. Ungenuna siku mbili, yakaisha." Bibi aliutazama mkono wake. "Waya na bomba la moto havikai pamoja. Na bomba likikutekenya, usiliguse tena, usingoje, sema hapohapo, hata kama kosa ni lako. Hasa kama ni lako."

Chiriku alilia mpaka sauti ikakauka. Bibi hakumwambia anyamaze.

Bandeji ilipofunguliwa wiki kadhaa baadaye, Chiriku alikinga maji ya moto asubuhi, akampelekea. Bibi alitumbukiza mkono, akangoja vidole vilainike. Vililainika vitatu tu.