Makapi ya Sauti

Wanaosema mashine ni chuma tu, waacheni waseme. Hawakuwa kwenye chumba kile mchana ule, na mimi ningekuwa wao ningefunga mdomo.

Fundi mwenyewe wa video walimwita Mama Makapi, na jina alijitakia. Kubana video ili iingie kwenye simu ni kuchuja: kompyuta inabakiza sauti inayosikika, inatupa ile ambayo sikio halitaikosa. Mafundi wengine wakishatupa wamesahau. Yeye, kwa ubishi wake, alichukua sauti ghafi, akaondoa ndani yake ile iliyobanwa, kisha akasikiliza kilichobaki. "Lazima nijue nimetupa nini," alizoea kusema, na mpiga picha aliyeshirikiana naye chumba alimcheka hadi akachoka kucheka. Humo kwa kawaida hamna kitu ila chakacha, kama mchele unaopepetwa.

Siku hiyo kazi haikuwa ya mteja. Mdogo wake wa kike alikuwa hospitali, anaingizwa kwenye upasuaji saa tisa, na aliomba jambo moja tu: amsikie mama kabla hajaingia. Mama yao alishafariki. Sauti yake ilibaki mahali pamoja duniani, kwenye video ya harusi ya huyo mdogo mtu, dakika ya kumi na tisa, anapompa mwanawe radhi.

"Dada, usinicheleweshee," alisema kwenye simu. "Naogopa. Usinione nacheka."

"Kabla ya saa nane unayo. Kazi yenyewe ya dakika kumi hii!"

Mdomo huo!

Akaanza kuibana video; ilifika asilimia sabini na tatu, ikagoma. Kosa la sauti. Akarudia, ikagoma palepale. Hakutishika, kanda za zamani zina vituko vyake. Akatenganisha sauti na picha, akabadilisha namna ya kubana, akaziunganisha upya. Safari hii ikaenda mpaka mwisho, naye akakimbilia dakika ya kumi na tisa.

Siku ya harusi mama alisema hivi: "Nenda na radhi zangu, mwanangu. Mlango wangu hauna kufuli." Maneno hayo fundi aliyajua kwa moyo, maana kamera alishika yeye. Sasa midomo ya mama ilicheza, na "nenda" haikutoka. Akabana tena. "Radhi" nayo haimo. Akafungua faili ghafi, ambalo hakuwa amelibadilisha hata kidogo, na humo pia palikuwa na mashimo yaleyale.

"Kuna kitu kinamla mama," alinong'ona.

Mpiga picha akasogeza kiti. "Acha masihara. Diski imechoka hiyo."

"Diski inachagua maneno?"

Hapo ndipo wakaisikia harufu, ya nywele zinazoungua. Mpiga picha akapeleka mkono nyuma ya kompyuta akitegemea moto, akaurudisha mbio. Kulikuwa na baridi kali, na jua limejaa dirishani.

"Zima," alisema kwa sauti ya chini. "Dada yangu, nakuomba, zima."

"Nizime, mdogo wangu aende kule bila radhi za mama? Na asiporudi?"

Mpiga picha akainuka. Alisema anafuata diski nyingine, akatoka, viatu akavisahau chini ya meza.

Saa nane kasorobo. Akabana mara nyingine, ikagoma tena kwenye sabini na tatu. Mama Makapi akavaa vipokea sauti masikioni, akafungua makapi, na mle ndani ya chakacha akayakuta maneno ya mama yote, mazima, ila nyuma yake kulikuwa na pumzi ya mtu mwingine, nzito, ya taratibu, isiyolingana na pumzi ya mama, na kila alipopunguza sauti pumzi ilisogea karibu, mpaka ikawa haiko tena masikioni bali shingoni, na harufu ile ikamjaa kooni, na sauti ya mama ikasema neno ambalo kwenye video halikuwamo, ikaita jina lake, lile la utotoni.

Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Alilijua hilo tangu akiwa mtoto, na aliyemfunza ni mama. Lakini ni mama huyohuyo aliyemfunza kwamba mtoto mwenye adabu haitwi mara mbili. Sauti ikaita mara ya pili.

"Abee, mama."

Pumzi ikakatika. Harufu ikatoweka. Kwenye kioo cha kompyuta, sabini na tatu ikawa sabini na nne, ikapanda hadi mia. Maneno yote yamo! Akatuma huku analia kwa furaha.

Saa nane na nusu simu ikalia.

"Dada! Nimemsikia mama, neno kwa neno. Ahsante, dada yangu. Sasa siogopi." Kisha mdogo mtu akauliza, "Ila mbona nyuma ya mama nakusikia wewe? Unasema 'abee, abee,' hupumui. Siku ile uliitika saa ngapi?"

Mama Makapi akafungua mdomo amjibu. Mpiga picha, aliyekuwa mlangoni amefuata viatu vyake, aliliona koo lake likihangaika. Kilichotoka ni chakacha, kama mchele unaopepetwa.

"Dada? Wameshakuja kunichukua. Niage basi. Dada, mbona husemi?"