Duara la Buluu Ukutani

Annie alikuwa mwoga na hakuona haya kusema hivyo. Aliogopa mbwa, radi, na simu zinazolia alfajiri. Kwa hiyo siku ile katika soko la Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi, katikati ya kelele za wauza vitenge, sauti ya kiume ilipomfokea, "Mama, usitingizike!", alifumba macho na kuganda. Aliamini kabisa kwamba nyoka alikuwa miguuni pake.

"Sasa unaweza kupumua," sauti ikasema.

Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimejaa vumbi jekundu, kamera mkononi.

"Weye! Nilizani nyoka!"

"Apana, chérie. Ni ule ukuta nyuma yako. Matafari ya zamani. Na kitenge yako ya manjano mbele yake, iko muzuri sana."

"Sasa unapiga picha ukuta ao mimi?"

"Nilianza na ukuta, nikamaliza na weye."

Annie alicheka bila kutaka. Kijana aliitwa Aristote. Alikuwa amesomea ujenzi kule chuo kikuu cha Kasapa, na yeye na wenzake walizunguka jiji wakitafuta nyumba zinazoifanya Lubumbashi ionekane Lubumbashi, kabla hazijaisha.

Tangu hapo simu ya Annie haikupoa.

"Umekula, mupenzi?"

"Nimekula. Na weye, ao leo tena umekula matafari?"

Siku moja mama yake alipokuwa kanisani, Annie alimwonyesha Aristote nyumba yao ya mtaa wa Kamalondo, iliyojengwa na babu yake, mfanyakazi wa reli. Ilikuwa na kuta nyekundu, baraza fupi, na juu ya mlango upinde wa matofali yaliyosimamishwa wima. Aristote aliupapasa upinde ule kwa upole.

"Hii njo sura ya muji wetu," alisema. "Ikiisha, tutafanana na kila muji."

Annie alikuwa anaijua hofu hiyo. Tajiri mmoja alikwisha kununua nyumba mbili mtaani, akazibomoa, akainua ghorofa la vioo. Kila lori lilipopita na mchanga, watu walitoka nje kuangalia linasimama wapi.

Asubuhi moja mama yake, Mama Simone, alimwita kwa sauti ambayo Annie hakuwahi kuisikia, hata kwenye msiba wa baba.

"Annie! Kuya uone!"

Kando ya mlango palikuwa na duara la rangi ya buluu, bado bichi. Kwa jirani yao Kabwe lilikuwapo pia. Mtaani pale, mgeni akikupakia rangi ukutani, maana yake ilijulikana: nyumba itabomolewa. Annie alitazama huku na huku. Nyumba zote zenye duara alikuwa amezipiga picha Aristote.

Alimpigia simu. Haikupatikana; Aristote alikuwa ameenda mji wa Kambove, akipiga picha nyumba za zamani za wachimba madini. Akapiga tena na tena. Mwishowe akamwandikia: "Ulinipenda mimi ao ulipenda nyumba yetu?" Jibu halikuja.

"Ule kijana wa kamera," Mama Simone akauliza, "unamujua?"

"Apana, mama," Annie akadanganya.

"Basi iko na picha ya matafari mekundu. Tuyafunike. Bakikuya, basitambue nyumba."

Kabwe alileta saruji. Mchana ulimkuta Annie mwenyewe juu ya kiti, mwiko mkononi, akiupaka upinde wa babu yake saruji ya kijivu huku machozi yakimtiririka.

Hapo pikipiki ikasimama. Aristote alishuka na begi lake akitabasamu, kisha akauona ukuta.

"Mungu wangu! Munafanya nini?"

"Njo yeye!" mtu akapiga kelele. "Ule wa kamera!"

Watu walijaa ghafla. Kabwe alimkaba ukosi, mwingine akaokota tofali, na nyuma sauti ikaanza kuulizia tairi la kumchomea. Akinyamaza, hakuna atakayejua ni nani alimleta kijana huyu. Na je, ikiwa kweli aliwauza? Macho ya Aristote yalimtafuta katikati ya vichwa vya watu, yakampata.

"Mumuache!" Annie alisikia sauti yake mwenyewe ikipasuka. "Njo mimi nilimuleta! Iko mupenzi wangu! Mukimupiga, munipige na mimi!"

Mama Simone akakaa chini barazani.

"Sema," Annie akamwambia Aristote. "Hii rangi iko ya nini?"

"Ya kulinda! Kesho kamati ya muji inakuya kuchagua manyumba yenye haiwezi kubomolewa. Benzangu balitia buluu jana usiku, ili bantu basiogope. Ya kubomoa si iko nyekundu?"

"Na hukusema?"

"Nilitaka ikuwe surprise. Halafu ku Kambove, réseau ya simu ikakatika."

"Surprise!" Mama Simone akafoka. "Hapa bantu banaogopa rangi yote!"

Kabwe aliuachia ukosi, akamkung'uta shati kwa aibu.

Saruji ilikuwa bado haijakauka. Wakaleta mabeseni na burashi, wakasugua. Radi ikanguruma, na Annie hakukimbilia ndani.

"Unatetemeka," Aristote akanong'ona.

"Nyamaza, sugua."

"Hata mimi niliogopa, Annie. Nilizani nitakufa mbele sijakuambia."

"Kuniambia nini?"

"Nataka kuleta bazazi yangu, baba na mama, kwa mama yako, nikuoe."

Annie akammwagia maji ya beseni, kwa sababu hakuweza kusema.

Kesho yake kamati ilifika. Makovu ya kijivu yalibaki kwenye upinde. Mama mmoja wa kamati, mwenye miwani, aliyagusa.

"Nani aliharibu hii?"

"Njo shiye wenyewe," Mama Simone akajibu. "Tuliogopa."

Yule mama akaendelea kuutazama upinde. Annie aliushika mkono wa Aristote mbele ya mtaa mzima, akaubana.

"Itabakia," yule mama akasema hatimaye. "Hiyo simenti mutaitoa polepole."

Walipoondoka, Annie alichovya kidole katika kopo la rangi alilokuja nalo Aristote, akachora duara la buluu kwenye mfuko wa shati jeupe, juu ya moyo wa Aristote.

"Aa! Shati yangu!"

"Nyamaza. Bantu bote baone: huyu habomolewi."

"Na ile bazazi yake bakuye mbio," Mama Simone akaita kutoka ndani, "mbele sijabadilisha mawazo!"

Annie alicheka, kidole chake bado kina rangi ya buluu.